Bwana Harusi wa Michango

Ujumbe ulimkuta Agripina amepiga magoti nyuma ya banda, anahesabu vifaranga. Alikuwa amefika kumi na tisa. Simu ikalia, akafuta kidole kwenye kanga, akasoma kwamba ombi lake la mkopo wa elimu ya juu halikufanikiwa kwa kuwa mwombaji ameonekana ana uwezo. Aliusoma mara mbili, kisha akaanza kuhesabu vifaranga upya, maana mtu aliyechaguliwa kwenda Dodoma kusomea shahada ya takwimu hawezi kukadiria vifaranga.

Uwezo wenyewe ulikuwa ng'ombe kumi na moja. Walilala kwenye zizi la baba yake mdogo, Zefania, chini ya mteremko wa Sekenke, na hata mmoja hakuwa wa Zefania. Walikuwa wa Abdulrazaki, mfanyabiashara wa vitunguu wa Singida Mjini, aliyewaleta kutunzwa miaka tisa iliyopita. Kuwekewa ng'ombe ni jambo la heshima huko. Mwenye ng'ombe anaficha mali yake mbali na macho ya ndugu, mtunzaji anapata maziwa na samadi, na kubwa kuliko yote anapata kuitwa mwenye ng'ombe. Sharti ni moja tu: husemi ni wa nani. Kila mtoto aliyelelewa kwenye nyumba ile, akiulizwa mna ng'ombe wangapi, hujibu kumi na moja kabla swali halijaisha.

Kwa hiyo fomu ya mkopo ilipouliza idadi ya mifugo ya familia, Agripina aliandika kumi na moja, kwa mwandiko mzuri. Hakusukumwa na mtu. Kosa lilikuwa lake lote, na yeye hakuwa na tabia ya kugawia wengine sifa zake.

Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la nne. Baba yake, Enock, aliyezaliwa juu ya dhahabu ya Sekenke, alikwenda kutafuta dhahabu Geita, na kutoka huko alituma salamu. Salamu zilifika kila Krismasi bila kupungua hata moja. Fomu iliuliza kama baba yu hai, naye akaandika ndiyo. Hilo nalo lilikuwa kweli.

"Baba mdogo," alisema jioni ile, "ungeandika barua moja tu, kwamba ng'ombe si wako. Kuna nafasi ya kukata rufaa."

Zefania alikuwa anakamua. Alikamua mpaka chuchu ya mwisho ndipo akajibu.

"Nikisema si wangu, kesho Abdulrazaki anakuja kuwachukua. Na akishawachukua, mimi nitakuwa nani hapa kijijini?"

Agripina alimtazama baba yake mdogo, suruali yake yenye viraka, mikono yake iliyomlea. Hakumchukia. Alimpokea ndoo.

Ada ya muhula wa kwanza ilikuwa laki sita na nusu, na usajili ulifungwa katikati ya Novemba. Asiyesajiliwa alipoteza nafasi, na nafasi ile Agripina aliipata kwa kusoma miaka miwili kwa taa ya kuchaji kwa jirani. Kuku wake walikuwa wamempa laki moja na arobaini. Zilibaki wiki nane.

Alianza kwa unyoofu, kama wajinga wote. Alikwenda steshenari kwa Deo, akachapisha kadi arobaini za kuomba mchango wa ada, akazigawa mwenyewe nyumba kwa nyumba. Watu walizipokea kwa mikono miwili. Wiki mbili baadaye zilikuwa zimerudi elfu kumi na moja, pamoja na ujumbe ishirini na sita wa Mungu akutangulie. Kadi zenyewe zilimgharimu elfu kumi na mbili. Mtakwimu mtarajiwa akatafakari hasara ya elfu moja.

Ndipo akakumbuka harusi ya binamu yake Kristina. Mwaka uliotangulia yeye mwenyewe alikuwa katibu wa kamati, na kwa wiki tatu alipokea kwa mkono wake milioni saba, kutoka kwa watu walewale, nyumba zilezile. Picha za harusi zilipotoka, Kristina alikuwa ameshaachika na kurudi kwao. Hakuna aliyedai chochote. Pilau ilikuwa nzuri.

Agripina alirudi kwa Deo.

"Nichapishie za harusi."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Bwana harusi?"

Hakuwa amefikiria hilo. Akasema Emilian, jina la kwanza lililomjia, na Deo akaandika Emilian bila kuuliza ubini, kwa sababu kadi haikuwa na nafasi.

Mpango wake ulikuwa hivi: watu wachange, siku zikaribie, bwana harusi atangazwe kuwa ameingia mitini, kamati imwonee huruma, fedha ziende chuoni. Aliupigia mahesabu upande huu na upande ule na hakuona kasoro. Alijiona mjanja kweli, na baadaye alipokumbuka jinsi alivyojiona, alikuwa anaficha uso kwenye kanga ingawa hakuna aliyekuwa anamtazama.

Kamati iliundwa siku ileile. Mzee Sostenes, mwenye mashine ya kukamua alizeti, akawa mwenyekiti, Agripina akaachiwa ukatibu aliouzoea, na Mama Scholastika akawa mweka hazina. Ndiye aliyelipa wa kwanza, elfu hamsini taslimu. Asubuhi yake Zefania alikuta mlangoni viatu vyeusi vya kufunga kamba, vimesimama sambamba, vimeelekea ndani. Alivisogeza pembeni ng'ombe wasivikanyage.

Wenye maduka walipolipa, viatu vilipata miguu na suruali ya kijivu. Wauza nyama walitoa mikono. Kwenye kikao cha pili bwana harusi alikuwa ameshafika kifuani, akakaa kwenye benchi karibu na mlango, na Mama Scholastika akamsomea mapato na matumizi kama mjumbe mwingine yeyote. Kwaya ya kigango ilichanga sauti, ya pili. Uso ulikuja Alhamisi, Abdulrazaki alipotuma laki mbili kwa heshima ya Zefania. Ulikuwa uso wa kawaida, wa mtu unayedhani mlisoma wote.

Enock alipiga simu kutoka Geita akaahidi laki moja. Ahadi ni deni, wakamwandika. Haikufika, na ndiyo maana Emilian hakuwa na kivuli. Watu walisema deni ni la Enock, kijana wa watu asilaumiwe.

Tatizo lililosumbua kijiji lilikuwa moja, nalo ni salamu. Emilian alikuwa na umri wa siku kumi na saba. Kwa kuwa alikuwa na adabu, aliwaamkia watoto wa chekechea shikamoo, nao waliitikia marahaba bila kusita. Wazee waliona haikai sawa. Mzee Sostenes akaamua kwamba bwana harusi ahesabiwe kwa suruali yake, ambayo ilikuwa ya mtu wa miaka ishirini na sita, na mambo yakatulia.

Agripina alipomwona amekamilika alijua kwamba mpango umeharibika. Huwezi kutangaza kwamba bwana harusi ameingia mitini wakati yuko uani anakupasulia kuni. Alikaa naye chini ili amwambie ukweli.

"Emilian, mimi sikutaka kuolewa. Nilitaka ada."

Emilian alifikiri. "Mimi sijui nilitaka nini," alisema. "Nimekuta nimeshachangiwa."

Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, kazi ingekuwa rahisi. Alikuwa ametengenezwa na watu wa heshima, kidogo kidogo, kila mtu alichoweza, na alikuwa na tabia ya kuokota vitu chini na kuuliza vya nani.

Kikao cha mwisho kilikaa kwenye baraza la mashine ya alizeti. Kulikuwa na milioni sita na laki nne. Agripina alisoma daftari hadi mwisho, kisha, akiwa bado amesimama, akasema lililomleta.

"Mwenyekiti, keki tumeiwekea laki tatu na nusu. Gari la kupamba maua laki tatu. Tukiacha hivyo viwili, ada yangu ya muhula inapatikana yote. Naomba kamati inifikirie."

Wajumbe walitazama chini. Mzee Sostenes alivua kofia, akaivaa tena.

"Mwanangu, ada ina pilau?"

"Haina, baba."

"Ina muziki?"

"Haina."

"Basi sisi tuliochanga tutakula nini?" Hakusema kwa ubaya. Alimwonyesha daftari. "Angalia hapa. Mwaka jana nilimchangia Melkizedeki. Mwakani Melkizedeki atanichangia kwenye harusi ya mwanangu Sijaona, na wewe utanichangia, na huyu mumeo atanichangia. Mchango unazunguka. Nikikulipia ada, wewe unakwenda Dodoma, unapata kazi huko, unaolewa huko. Mimi nitakusubiri kona gani?"

Agripina alitafuta kosa kwenye hesabu ile. Alikuwa na alama ya juu ya hisabati wilaya nzima, na hakuliona. Hilo lilimuuma kuliko kunyimwa kwenyewe. Mzee alikuwa amepiga hesabu sahihi na yeye hakuwemo.

"Tupige kura," alisema mwenyekiti. "Lakini tumsikie na bwana harusi."

Emilian aliinua mkono aliopewa na wauza nyama. "Mimi keki sijawahi kuonja," alisema, kwa sauti ya pili.

Keki ilipita kwa kura zote. Ya Agripina haikuhesabiwa, kwa kuwa katibu hapigi kura.

Padri alidai cheti cha ubatizo. Kwa kuwa hakikuwepo, Emilian alibatizwa Jumamosi saa tatu asubuhi pamoja na watoto wachanga wanne, na yeye peke yake ndiye hakulia. Ndoa ilifungwa Jumamosi iliyofuata, Novemba mosi. Pilau ilikuwa nzuri. Keki ilikuwa ya ngazi tano, na bwana harusi alikula vipande saba akatangaza kwamba anaunga mkono uamuzi wa kamati. Agripina alicheza. Muziki ukikuingia hauulizi kama umesajiliwa chuo, na yeye alicheza mpaka viatu vikamchuna ngozi.

Zawadi zilikuwa godoro moja, vikombe, na chupa za chai kumi na moja. Jumatatu alizipeleka chupa za chai mnadani. Alikuta wanawake wengine sita wamepanga za kwao, wote walioolewa tangu Agosti, na bei ilikuwa imeshuka mpaka chini ya bei ya chai. Alirudi nazo zote.

Kati ya zawadi ilikuwemo na bahasha moja tu, nayo haikuwa na fedha. Ilitoka kwa Mwalimu Alphonce, mstaafu, ambaye kiinua mgongo chake kilikuwa bado kiko njiani mwaka wa tatu. Alichokuwa nacho ndicho alichotoa: cheti cha kidato cha sita, daraja la pili, ambacho mwanafunzi mwenyewe hakurudi kukichukua shuleni. Jina lililoandikwa lilikuwa Emilian, au lilikuwa limegeuka kuwa Emilian ndani ya bahasha. Emilian alikipokea kwa furaha, akakitundika ukutani.

Jumatatu hiyohiyo jioni dirisha la rufaa lilikuwa linakaribia kufungwa, pamoja na lile la waombaji wa chuo na mkopo waliochelewa. Agripina alikwenda kwa Deo, na mume akamsindikiza, kwa sababu hakuwa na kazi na kukaa bure kulimwaibisha.

"Hali ya ndoa?" Deo aliuliza, macho kwenye kompyuta.

"Nimeolewa."

"Hapo unapoteza alama. Una mtu wa kukutunza." Alibonyeza. "Fomu moja elfu tano, mbili elfu nane. Na shemeji tumjazie?"

Agripina alikuwa na akili ya kutoachia punguzo. Akasema haya.

Deo alinakili fomu ya Agripina, kozi ileile, chuo kilekile, kisha akauliza yaliyobaki. Baba? Hana. Mama? Hana. Mlezi? Kamati, lakini imeshafunga hesabu. Nyumba? Anaishi kwa mke. Mifugo?

"Sina," alisema Emilian.

"Hata kuku?"

"Kuku ni wa mke wangu."

Deo aliacha kuandika. Alimtazama Emilian kwa mara ya kwanza, kwa heshima ya mtu wa kazi aliyeona kazi nzuri. "Shemeji," alisema, "wewe ndiye mwombaji."

Majibu yalikuja siku moja, yakapishana kwa dakika nne. Agripina rufaa yake ilikataliwa: alikuwa na uwezo, na sasa alikuwa na mume. Emilian alipata nafasi chuoni na mkopo asilimia mia, ada, chakula, malazi, vitabu na mafunzo kwa vitendo.

Agripina alikwenda nyuma ya banda akalia. Alilia kwa uchungu wa kweli, na wivu ulikuwemo, hakujidanganya. Kisha akaanza kucheka, maana alijiona: mtu aliyebuni mume ili apate ada, na ada ikampata mume. Kuku mmoja alisimama akamtazama, akaona si chakula, akaenda zake.

Kijiji kilipokea habari kwa fahari. Ndiye mtoto wa kwanza wa kamati kwenda chuo kikuu. Mzee Sostenes alisema mbele ya watu kwamba wanaosema kijiji hiki hakisomeshi sasa wafunge midomo.

Lilibaki jambo moja. Mkopo ulitaka mdhamini, ndugu anayefahamika, mwenye uwezo. Walikwenda ofisini kwa mtendaji, Bi Hanifa, mama mpole aliyekuwa na mihuri mitatu na wino wa mmoja. Emilian hakuwa na ndugu ila mke.

"Agripina, una chochote cha kuonyesha kwamba unajiweza?" aliuliza Bi Hanifa.

Agripina alitoa simu. Alikuwa na jumbe mbili, zote rasmi, zote zikisema bila kigugumizi kwamba ana uwezo. Bi Hanifa alizisoma, akaridhika, akasema ni nadra kupata mdhamini aliyethibitishwa mara mbili. Agripina alisaini mahali palipowekwa alama. Endapo mkopaji hatarejesha, au hataonekana, yeye ndiye atakayelipa. Alimtazama mkopaji asivyo na kivuli, akaandika tarehe.

Zefania alimpa Emilian lita tano za maziwa ya ng'ombe ambao si wake ili ale njiani, akamwambia asome kwa bidii, asiwasahau. Basi la Dodoma lilipita saa mbili. Emilian aliwaamkia abiria wote, pamoja na waliobebwa mgongoni, akapata kiti cha dirishani.

Tangu hapo hupiga simu kila siku saa kumi alasiri, vifaranga wanapokula. Anatuma picha za daftari, kurasa nzima, na Agripina anazikuza kwa vidole viwili, anasoma taratibu mpaka anaelewa, kisha anampigia kumweleza. Bando ni la Agripina. Amefika wastani, mtawanyiko, uwezekano. Kurasa zingine anazirudia kwa kupenda tu, hata baada ya kumaliza kumweleza. Kwenye jaribio la kwanza Emilian alipata themanini na nane, wa pili darasani, na kwaya ikaomba misa ya shukrani.

Jana Emilian aliuliza swali la tatu la zoezi, la urefu wa ukurasa. Agripina alilipitia, akapiga hesabu kwa kijiti kwenye vumbi la uani, akapata. Akampigia, akaanza kumsomea hatua kwa hatua. Katikati Emilian akamkatiza.

"Mke wangu, wewe haya yote ulisomeshwa na nani?"

"Na hakuna mtu."

Kwa nyuma zilisikika sauti za wanafunzi wakipita, wanacheka, na mlio wa sahani.

"Basi wewe una bahati," alisema Emilian, kwa upole, bila dhihaka hata chembe. "Wenzako huku tunadaiwa."

Agripina aliangalia salio. Lilikuwa limebaki la dakika tatu. Akamwambia ashike kalamu, na akaendelea na hatua ya nne.